Siku Nne za Kumzika, Hakuna Siku ya Kumuuguza

Mwaka 2015, wiki moja kabla ya mke wangu kufanyiwa upasuaji wa pili wa nyonga, niliandika barua ya kuomba ruhusa ya siku kumi. Afisa utumishi, mtu mstaarabu ambaye tumeheshimiana kwa miaka mingi, aliisoma mara mbili. Kisha akafungua kitabu cha sheria na kukisogeza upande wangu wa meza. "Daktari," akaniambia kwa sauti ya chini, "sina pa kukuweka. Likizo yako ya mwaka umekwisha kuimaliza. Ingekuwa msiba, Mungu apishie mbali, ningekuandikia siku nne hapa hapa."

Aliona haya baada ya kulitamka neno hilo, nami niliona haya kwa niaba yake. Lakini hakuwa amekosea. Alikuwa ameisoma sheria kama ilivyoandikwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kama Bunge lilivyoitunga mwaka 2004, inasema katika kifungu cha 34 kwamba mwajiriwa anastahili angalau siku 4 za likizo yenye malipo mtoto wake anapougua au kufariki. Anastahili siku hizo pia akifiwa na mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa naye. Naomba msomaji aisome orodha hiyo polepole. Mtoto ametajwa akiwa mgonjwa na akiwa marehemu. Mume au mke ametajwa akiwa marehemu tu. Mwenza aliye hai, aliyelala kitandani na mshono wenye urefu wa shibiri pajani, hayumo.

Mgonjwa mwenyewe sheria inamjua vizuri. Mwajiriwa anayeumwa anaweza kupata hadi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alilindwa na utaratibu wa namna hiyo na mpaka leo ana ajira yake. Mtu ambaye sheria haimwoni ni yule anayekaa pembeni ya kitanda. Inadhaniwa yupo daima, kama vile uuguzaji ni hewa inayopatikana bure.

Ninaandika haya kwa ridhaa ya mke wangu. Amesoma rasimu na kuondoa aya mbili, na alikuwa na haki ya kuziondoa.

Kwa wasiojua, nieleze kwa nini mtu ambaye hajafikisha miaka arobaini alihitaji nyonga ya bandia. Mke wangu alizaliwa na selimundu. Katika ugonjwa huu chembe nyekundu za damu hupoteza umbo lake la duara, zikajipinda kama mundu, na kukwama katika mishipa midogo. Kichwa cha mfupa wa paja hulishwa na mishipa michache sana. Mishipa hiyo ikiziba, mfupa hukosa damu na kufa taratibu, kisha huporomoka kwa uzito wa mwili. Kiungo kilichokuwa laini hugeuka kuwa jiwe linalosaga jiwe. Nchi yetu ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu duniani, na wengi wao sasa, kwa rehema za Mungu na maendeleo ya tiba, wanafikia utu uzima. Maana yake ni kwamba tutakuwa na watu wazima wengi zaidi wenye viungo vilivyochakaa kabla ya wakati. Jambo hili si la nyumba yangu peke yake.

Upasuaji wa kubadilisha nyonga tunaoujua leo ulipata sura yake mwanzoni mwa miaka ya 1960, pale daktari Mwingereza John Charnley alipounganisha kichwa cha chuma na kikombe cha plastiki katika Hospitali ya Wrightington. Ni moja ya kazi kubwa za tiba ya karne iliyopita, na leo hufanyika hapa hapa nchini. Hata hivyo, kifaa kina umri wake. Kwa mzee wa miaka sabini, nyonga inayodumu miaka 15 hadi 20 inatosha kumfikisha mwisho wa safari. Kwa mwanamke wa miaka thelathini na mitano haitoshi, na kwa mwenye selimundu hatari ya kifaa kulegea au kupata maambukizi ni kubwa zaidi. Ndiyo maana tumeingia chumba cha upasuaji mara nne: nyonga ya kulia mwaka 2013, ya kushoto 2015, ile ya kulia kurekebishwa 2019 baada ya kulegea, na bega mwaka 2023. Majirani walisema mwili wake "unakataa vyuma". Haukukataa kitu. Aliugua mapema, na ameishi muda mrefu, na hilo la pili tunalishukuru.

Sasa nirudi mwaka 2015. Baada ya kukosa ruhusa, nilifanya kile ambacho wafanyakazi wengi wa nchi hii hufanya, yaani nilidanganya kidogo na kuomba sana. Mwenzangu mmoja alinishikia vipindi viwili, na mwingine akanisainia kikao. Siku ya nne baada ya upasuaji nilirudi kazini. Siku ya kumi, yeye akiwa ameruhusiwa kurudi nyumbani, nilipangiwa kusimamia mtihani wa saa tatu. Mama mkwe alikuwa bado safarini kutoka kijijini. Nyumbani alikuwepo mtoto wetu wa miaka tisa.

Mtu aliyebadilishwa nyonga huambiwa, katika wiki za mwanzo, asiinamishe kiuno kupita pembe mraba, asikunje nne, asigeuzie mguu ndani. Maagizo hayo ni mepesi kwa nyumba yenye sofa ndefu na choo cha kukalia. Kwetu choo kilikuwa cha kuchuchumaa. Fundi alikuwa ameahidi kutengeneza kiti cha mbao cha kuweka juu yake, na hakuwa amekileta. Mke wangu alisubiri mpaka subira ikamwishia. Aliingia bafuni kwa magongo, akajaribu kukalia kigoda, na nyonga ikachomoka.

Alinipigia simu mara saba. Simu yangu ilikuwa imezimwa, kama kanuni za mitihani zinavyotaka. Nilizikuta simu hizo saba nilipokuwa nakusanya karatasi za majibu. Mtoto alikuwa amekimbia kwa jirani, na jirani ndiye aliyetafuta gari. Hospitalini walimpa nusu kaputi na kuirudisha nyonga mahali pake bila kumpasua tena. Daktari aliniambia tumepata bahati. Nilikaa kwenye benchi la korido nikiwa na bahasha za mitihani mapajani, kwa kuwa sikuwa nimepata hata nafasi ya kuzikabidhi.

Simlaumu mtu kwa siku ile kuliko ninavyojilaumu mwenyewe. Ningeweza kumsimamia fundi. Ningeweza kukataa kusimamia mtihani na kukubali barua ya onyo. Lakini mfumo unaomlazimu mtu achague kati ya barua ya onyo na mguu wa mkewe si mfumo wa haki, na kosa langu haliufanyi uwe wa haki.

Watu huniuliza uuguzaji huu una ugumu gani, ilhali kuna madaktari. Jibu ni kwamba daktari hukaa na kiungo kwa saa mbili au tatu, na muuguzi wa wodi hukaa nacho kwa siku chache. Zinazobaki ni wiki za nyumbani. Kuna sindano ya kuzuia damu kuganda, ambayo nilifundishwa kuichoma tumboni, nami nina shahada tatu na sikuwahi kutetemeka hivyo mbele ya jopo lolote la watahini. Kuna maji ya kunywa kila saa, na blanketi usiku, kwa sababu kiu na baridi vyaweza kuamsha maumivu ya selimundu hata kama mshono unapona vizuri. Kitanda kinapaswa kuinuliwa kwa matofali. Mazoezi ya kukunja goti yanapaswa kufanywa mara tatu kwa siku, mgonjwa akilia na wewe ukihesabu. Kuna ndugu wa kutafutwa wajitolee damu. Hii ni kazi yenye saa zake na ujuzi wake, na ikikosewa, mgonjwa hurudi chumba cha upasuaji.

Ni kazi ambayo jamii yetu imeshaamua ni ya nani. Katika hospitali moja, usiku wa kwanza baada ya upasuaji, niliombwa kwa upole nitoke. "Hii ni wodi ya wanawake, baba. Hamna dada yake, au shangazi, wa kukaa naye?" Muuguzi alikuwa na hoja, maana wanawake wengine wodini walistahili faragha yao. Lakini hoja hiyo ingeweza kujibiwa kwa pazia. Ilijibiwa kwa kumwamsha binamu yake saa nne usiku, mwanamke mwenye mtoto mchanga, aje kulala sakafuni pembeni ya mtu ambaye mumewe alikuwa amesimama getini, mzima wa afya.

Mama mkwe naye alipofika alinikuta namwosha miguu mkewangu, akageuza uso. Kwetu mkwe na mama mkwe hawaonani katika hali kama hiyo. "Mwanangu," aliniambia kesho yake, akiwa amesimama nje ya mlango, "wewe nenda kazini. Hii ni kazi yetu." Nilimshukuru, shikamoo ikiwa mdomoni, na nikamjibu kwamba mguu huu tulikwisha kuuzoea wawili sisi. Tuligawana: yeye jiko na mtoto, mimi mgonjwa. Baada ya mwezi aliwaambia wakwe zake wengine kwamba mkwe wake ana mikono. Sijapata sifa kubwa kuliko hiyo.

Nisijipambe, hata hivyo. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, nami niliishi kwa methali hiyo kupita kiasi. Niliamua saa ya kuoga, wageni wa kuingia na chakula cha kula. Mwaka 2019, nyonga ya kulia ilipolegea, nilikwisha kuzungumza na daktari kuhusu tarehe kabla sijazungumza naye. Aliniacha nimalize kueleza mpango wangu, kisha akaniuliza: "Na mimi nitakuwepo siku hiyo?" Hatukuzungumza vizuri kwa wiki mbili. Upasuaji ulisogezwa mbele miezi mitatu, kwa uamuzi wake, ili amalize muhula na darasa lake la saba. Haukuharibika kitu. Nilijifunza kwamba anayepasuliwa mara nyingi hupokonywa mambo mengi na watu wenye nia njema, na kwamba mume anaweza kuwa wa kwanza katika safu ya wanaompokonya. Mgonjwa huulizwa uji, na huulizwa na mambo makubwa kuliko uji.

Turudi kwenye sheria, maana sheria haikushuka kutoka mbinguni. Inatufanana. Tazama michango yetu. Kundi la WhatsApp la ukoo linaweza kukusanya fedha ya mazishi kwa siku mbili, jeneza, mabasi mawili, chakula cha watu mia tatu. Nilipotuma ujumbe kuhusu gharama za kifaa cha nyonga, ambacho bima yetu ililipa sehemu tu, zilikuja emoji nyingi za mikono iliyokunjwa kwa sala. Fedha ilitoka kwenye mkopo wa SACCOS. Ndugu hao hao wangejaa uani kwangu na kukesha siku tatu kama mambo yangeharibika. Mwaka uliofuata tulikwenda msibani kwa shangazi yake. Mke wangu alikalia kiti wakati wanawake wenzake wamekaa mkekani, na watu wakanong'ona kwamba mke wa Daktari anajidai. Hawakujua kwamba mkeka ungeweza kumrudisha chumba cha upasuaji.

Tumekuwa taifa linalojua kumheshimu maiti kuliko mgonjwa, na watunga sheria wetu ni watoto wa taifa hilo.

Najua pingamizi la kwanza: Mwafrika ana familia, na familia huuguza. Mwalimu Nyerere alijenga hoja karibu na hiyo mwaka 1962 katika andiko lake la "Ujamaa", kwamba katika jamii yetu ya jadi mtu aliijali jumuiya na jumuiya ikamjali. Wanaolirudia andiko hilo husahau kwamba mwaka 1967, katika "Ujamaa Vijijini", Mwalimu huyo huyo alikiri kasoro ya jamii ya jadi: wanawake walibeba kazi kupita sehemu yao ya haki. Tunaposema "familia itauguza" tunamaanisha binamu mwenye mtoto mchanga atalala sakafuni. Tena binamu huyo leo ameajiriwa dukani au ana genge lake, na siku asiyofungua genge hakuna anayemlipa.

Pingamizi la pili ni la waajiri: likizo ya namna hii itatumiwa vibaya. Lakini tayari tunaamini cheti cha daktari kwa mfanyakazi anayeumwa mwenyewe. Cheti hicho hicho kinaweza kusema kwamba mwenza wake amepasuliwa na anahitaji mtu kwa siku kadhaa. Wenzetu wamekwisha kuthubutu. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2019, uliwataka wanachama wake wampe kila mfanyakazi angalau siku 5 za kazi kwa mwaka kwa ajili ya kumhudumia ndugu au mtu wa nyumbani mwake mwenye uhitaji mkubwa wa kiafya. Shirika la Kazi la Kimataifa lilikuwa na mkataba kuhusu wafanyakazi wenye majukumu ya kifamilia tangu mwaka 1981, nao hauishii kwa watoto. Hata Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua kuwa mwenza huweza kupungukiwa nguvu kwa maradhi. Inamtaka mke mwenye uwezo amtunze mume asiyeweza kujipatia riziki kwa sababu ya ugonjwa. Ni ajabu kwamba sheria ya ndoa inaniagiza wajibu, na sheria ya kazi hainipi siku ya kuutimiza.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote. Watanzania wengi hawana ajira rasmi, hivyo likizo ingewafaa wachache. Ni kweli, na kwa hiyo sidai likizo peke yake. Nadai mambo matatu.

Kwanza, neno "ugonjwa" liongezwe mbele ya neno "mwenza" katika kifungu hicho, likizo iwe yenye malipo, na siku zitoshe angalau kumvusha mgonjwa wiki ya kwanza ya nyumbani. Wakati Bunge likitafakari, vyama vya wafanyakazi visikae kusubiri. Sheria imeweka kiwango cha chini, na mikataba ya hali bora inaweza kwenda juu yake tangu kesho.

Pili, asiruhusiwe mgonjwa wa kiungo kurudi nyumbani kabla mtu atakayemuuguza, mwanamume au mwanamke, hajafundishwa kumwinua, kumwogesha na kumfanyisha mazoezi. Darasa hilo halizidi saa moja. Na wodi ziwe na mapazia, ili mume asiwe mgeni kwa mkewe saa ambayo anahitajika zaidi.

Tatu, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023 itekelezwe kwa kukumbuka kwamba tiba ya kiungo haiishi mshono unapokauka. Magongo, kiti cha choo na ziara za mtaalamu wa mazoezi ni tiba. Hospitali za wilaya zinaweza kuazimisha vifaa hivi na kuvipokea vikirudi. Kiti chetu cha mbao, ambacho fundi alikileta hatimaye siku moja baada ya ajali, kimekwisha kutumika katika nyumba tano za mtaa wetu. Mama muuza vitumbua alikuwa nacho mwezi uliopita, kwa ajili ya mumewe.

Mke wangu anatembea. Anachechemea kidogo jioni, na mvua za masika zikianza bega humtangulia redio kutangaza hali ya hewa. Daktari ametuambia nyonga ya kushoto nayo itahitaji kurekebishwa siku zijazo. Hatujui ni lini. Safari hii tarehe ataichagua yeye, na nitaandika barua ile ile kwa afisa utumishi aliyepo. Namwombea afisa huyo awe na kifungu cha kunionyesha kisichomtaka mke wangu afe kwanza.

Nawasilisha.